Tangazo la Dirisha Namba Tatu

Tangazo la kwanza lilibandikwa kwenye mlango wa lifti, ghorofa ya chini, Jumatatu ya pili ya mwezi wa sita, na lilikuwa bora kuliko matangazo yote yaliyowahi kubandikwa katika jengo lile la Giurgiu, mji wa Romania kando ya mto Danube. Lilisema kwamba paka wote wa jengo watasajiliwa kabla ya Ijumaa nyumbani kwa msimamizi. Kila paka aje na faili la kadibodi lenye ulimi wa bati katikati wa kushika karatasi, picha mbili (moja ya uso, moja ya ubavu), nakala ya kitambulisho cha mwenye paka, pamoja na maelezo mafupi ya tabia yake yaliyoandikwa kwa mkono. Chini kabisa palikuwa na muhuri wa duara, wa buluu.

Aliyeliandika alikuwa Sabin Cotoi, kijana wa miaka kumi na minane wa ghorofa ya nne. Muhuri alikuwa ameuchonga kwa kiazi.

Ili tumtendee haki, hakutarajia makubwa. Alidhani watu watasoma, watacheka, watapanda lifti. Alisahau alikozaliwa. Mtu mzima wa Giurgiu akiona muhuri wa duara haulizi ni wa nini; anauliza mashine ya fotokopi iko wapi. Kufikia Jumatano palikuwa na foleni mlangoni kwa Mzee Pandele, msimamizi wa jengo. Mzee Pandele hakujua lolote kuhusu usajili wa paka, lakini watu walikuwa wamekwisha kupanga foleni, na kuwarudisha watu waliokwisha kupanga foleni aliona ni utovu wa adabu. Akavaa miwani, akaanza kuyapokea mafaili. Wa nne katika foleni alikuwa Bibi Filofteia, bibi yake Sabin, aliyemlea tangu mama yake alipokwenda Italia kutunza wazee wa watu. Alikuwa amembeba paka wake Miron ndani ya kikapu cha nyanya. Katika maelezo ya tabia alikuwa ameandika: "Mkimya. Hapendi wageni. Huwaheshimu wanaostahili."

Ukweli ulitoka Alhamisi, Bibi Filofteia alipofungua droo ya soksi za mjukuu wake akakuta kiazi kilichochongwa, cha buluu, kimeanza kunuka. Hakupiga kelele. Alivaa viatu, akaenda sokoni, akarudi na gunia, akalimwaga juu ya meza ya jikoni. Zilikuwa jozi, ile kokwa yenye ganda gumu kama mbao na kiini kama ubongo mdogo, ila hizi zilikuwa bado mbichi, za kijani, ganda halijashika.

"Mia tatu," alisema. "Bila glavu."

Jamu ya jozi mbichi ni fahari ya nyumba yoyote yenye kujiheshimu. Jozi humenywa moja moja, huloweshwa, huchemshwa, hubadilishwa maji mara nyingi kuliko mtoto mchanga anavyobadilishwa nepi, na mwisho hupikwa katika shira mpaka ziwe nyeusi na za kung'aa kama mbawakawa. Anayekula hufurahi. Anayemenya huondoka na mikono ya mtu aliyemzika mtu kwa mikono mitupu. Rangi ile haisikii sabuni, haisikii ndimu, haisikii siki. Sabin alifanya mtihani wa kumaliza shule akiwa na vidole vyeusi mpaka kwenye kiungo cha pili, na msimamizi wa mtihani, baada ya kumtazama kwa muda, alimuuliza kama anatokea gereji moja kwa moja.

Alifaulu hata hivyo, na hapo ndipo mambo mazito yalipoanza.

Mama yake alipiga simu kutoka Italia Jumapili. Hakuwa mtu wa maneno mengi, maana mzee aliyemtunza alikuwa na tabia ya kufungua mlango na kuondoka kila akisikia mtu yuko kwenye simu.

"Sabin, nisikilize. Bucharest siwezi. Chumba cha kupanga peke yake kinameza nusu ya ninachopata, na bado hujala. Ruse naweza. Umesema ada yao kwa mtu wa huku ni ile ile ya mtu wa kwao?"

"Ile ile, mama. Na nitalala nyumbani. Ni kuvuka daraja tu."

"Basi ni Ruse. Usipoingia Ruse mwaka huu, anko Fănel anakungoja na matairi yake."

Anko Fănel alikuwa na banda la kuziba matairi kando ya barabara kuu. Alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na hadithi moja tu, ya tairi la lori la Mturuki, na aliisimulia kila siku tangu Sabin akiwa darasa la pili.

Bibi Filofteia aliipokea habari ya Ruse, mji wa Bulgaria ng'ambo ya mto, kama mtu aliyeambiwa kwamba mjukuu wake ataoa ndani ya duka la jibini. "Ruse?" alisema. "Ruse tunakwenda kununua jibini. Tunakwenda kununua sabuni ya unga na mtindi. Nani amewahi kuvuka Danube kwenda kununua akili?"

"Uhandisi wa mashine za kilimo, Bibi. Mwaka wa kwanza nitasoma na lugha yao."

"Na chakula cha jioni?"

"Nitakula hapa."

Bibi alifikiri. "Basi si mbali sana," alisema, na tangu siku hiyo akaanza kusema sokoni kwamba mjukuu wake anakwenda kusoma ng'ambo.

Usajili wa chuo cha Ruse ulikuwa unafungwa Ijumaa, saa sita kamili mchana. Sabin alikuwa amekwenda Ruse wiki moja kabla kuulizia, na angemaliza kila kitu mapema, ila cheti chake kilikaa kwa mfasiri mpaka Alhamisi alasiri kikingoja sahihi ya mtu aliyekuwa likizo. Kwa hiyo ikabaki siku moja ya mwisho, na asubuhi ya siku hiyo Sabin aliingia jikoni akamkuta bibi yake amevaa gauni la kanisani, na juu ya meza pana faili, na kando ya faili pana chupa ya jamu ya jozi, imefungwa kitambaa cha maua kwenye kifuniko.

"Bibi, hiyo ya nini?"

"Ya karani."

"Bibi, wale hawapokei kitu. Nimekwenda kule, nimeona kwa macho yangu. Wamebandika hata tangazo. Mtu akileta zawadi wanamrudishia faili."

Bibi Filofteia alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, kwa upendo, kama mtu anavyomtazama mgonjwa.

"Na paka husajiliwa," alisema.

"Bibi, safari hii ni kweli."

"Na paka husajiliwa, baba. Nipe koti langu."

Sabin aliona haraka alivyojiloga mwenyewe. Katika maisha yake alikuwa amesema uongo mwingi mzuri, wenye vielelezo, na watu waliuamini papo hapo. Sasa alikuwa na ukweli mmoja mdogo, mkavu, na hapakuwa na mnunuzi.

"Unajua mambo ya ofisi wewe?" Bibi aliendelea, akiitia chupa mkobani. "Mtu haingii ofisini mikono mitupu kama anayekuja kuchukua maiti. Unampa. Mara ya kwanza anakataa kwa adabu. Mara ya pili anakataa kwa kuwa watu wanaona. Mara ya tatu anakuuliza kama kifuniko kimekaza. Mimi nimempata daktari wa macho hivyo, nimepata simu ya mezani hivyo, na mama yako alibatizwa siku ya mvua hivyo."

Walivuka daraja katika gari la Mzee Pandele, ambaye kila Ijumaa alikwenda Ruse kwa ajili ya jibini. Mbele yao lori lilitambaa, nyuma yao lori lilitambaa, na chini ya daraja Danube ilipita taratibu, yenyewe tu haikuwa na miadi. Mzee Pandele alikuwa bado hajamsamehe Sabin, lakini alikuwa na haja ya msikilizaji.

"Thelathini na moja," alisema akitazama kioo cha nyuma. "Mafaili thelathini na moja ya paka yako kabatini kwangu mpaka leo. Mke wangu anasema nitupe. Nitayatupaje? Yana sahihi."

"Samahani, Mzee Pandele."

"Yule mama wa ghorofa ya sita amekuja juzi kuuliza cheti cha paka wake kinatoka lini. Nimjibu nini?"

"Mwambie kiko kwa mfasiri," alisema Sabin.

Bibi alimpiga kofi dogo la kisogo, lakini mabega ya Mzee Pandele yalionekana yakitikisika.

Saa tano na robo walikuwa ndani ya chuo. Mzee Pandele alikwenda sokoni, na Sabin na bibi yake wakapanda ngazi mpaka kwenye ukumbi mrefu uliokuwa na madirisha matatu ya kioo. Mawili yalikuwa yamefungwa. La tatu lilikuwa na foleni ya watu watano, wote wa ng'ambo ileile ya mto, maana kila mmoja alikuwa amekumbatia faili la kadibodi lenye ulimi wa bati. Kando ya dirisha palikuwa na karatasi iliyopauka kwa jua, imeandikwa kwa Kiromania, na kila mstari ulikuwa wa wino wake, kama ulioongezwa mwaka wake:

"Waheshimiwa waombaji kutoka Romania. Tafadhali msilete kahawa. Wala chokoleti. Wala jibini. Wala jamu. Wala kuku, awe hai au amechinjwa. Atakayeacha chochote dirishani atarudishiwa faili lake, naye atakuja siku ya kazi inayofuata."

Na chini, muhuri wa duara, wa buluu.

"Unaona sasa?" Sabin alinong'ona.

Bibi alitoa miwani, akasoma. Akasoma tena. Kisha akamgeukia na uso wa huzuni.

"Umeanza kuzeeka, baba. Lile la paka lilikuwa zuri zaidi."

"Bibi, si mimi."

"'Awe hai au amechinjwa.' Nani mwingine katika dunia hii anaandika hivyo?"

"Mimi nimelibandika saa ngapi huku?"

"Wiki iliyopita ulikuja kuulizia. Uliulizia nini, mchana kutwa?" Kwa utulivu wa mtu anayejua kazi yake, alilamba kidole cha shahada, akausugua ule muhuri. Haukutoka. Akasugua tena, kwa nguvu. Haukutoka. "Kiazi umekiboresha," alisema. "Hilo nalikubali."

Mbele yao alisimama msichana wa Alexandria, ile ya Romania, si ya Misri, aitwaye Otilia, pamoja na baba yake, mtu mnene aliyevaa koti mwezi wa saba. Kila alipopumua, ndani ya koti kulitoka mlio wa pakiti ya kahawa. Alikuwa amesoma tangazo na kuliamini, lakini hakuwa na ujasiri wa kutoka na kurudi bila pakiti, wala wa kubaki nayo wazi.

Karani alikuwa Bi Rumyana Stoeva, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya mnyororo. Kiromania alijifunza dirishani hapo hapo, mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo alikijua vizuri sana katika mambo ya vyeti, picha na kukataa. Foleni ilisogea. Saa tano na dakika ishirini na tano Bi Stoeva alisimama, akachukua karatasi, akaenda chumba cha nyuma kutoa nakala. Sabin aligeuka kumwonya bibi yake, akakuta amechelewa. Bibi Filofteia alikuwa amewapita watu wote kwa hatua za mtu anayekwenda kuwasha mshumaa kanisani, akaiweka chupa juu ya ubao wa dirisha, akakinyoosha kitambaa cha maua, akarudi mahali pake.

Bi Stoeva alirudi. Akaitazama chupa. Hakuigusa.

"Ya nani?"

Watu wote walitazama dari.

"Mara ya kwanza," Bibi alinong'ona.

"Nauliza, ya nani? Mwenyewe asiposema nafunga dirisha, na saa sita haitangoja mtu."

"Mara ya pili," alinong'ona Bibi, kwa kuridhika.

Sabin alikuwa ametia mikono mifukoni. Aliwaza juu ya banda la anko Fănel na tairi la lori la Mturuki. Akafungua mdomo, lakini Bi Stoeva alikuwa ameinama kuitazama chupa kwa karibu, na aliponyanyua kichwa uso wake ulikuwa wa mpelelezi.

"Jozi mbichi," alisema. "Mama yangu alikuwa anapika hii. Nionyesheni mikono. Wote."

Basi watu wazima, wengine wakiwa na watoto wa kupeleka chuo kikuu, walinyoosha mikono mbele kama darasa la kwanza siku ya ukaguzi wa kucha. Baba yake Otilia naye alinyoosha, na pakiti ya kahawa ikaanguka sakafuni ikitoa mlio.

"Hii ni yangu," alisema haraka. "Ya safarini."

Bi Stoeva hakumjali. Alikuwa anatazama vidole vya Sabin. Wiki nne zilikuwa zimepita, lakini kucha zote kumi zilikuwa bado na ukingo mweusi, kama barua za msiba.

"Jina?"

"Sabin Cotoi."

"Faili."

Akampa. Bi Stoeva alilifungua. Kila karatasi ilikuwa mahali pake: cheti, tafsiri ya cheti, nakala ya tafsiri ya cheti, picha, risiti ya ada. Alilifunga, akalirudisha kupitia tundu la dirisha.

"Siku ya kazi inayofuata. Jumatatu."

"Mama, Jumatatu usajili umefungwa."

"Najua. Mimi ndiye ninayeufunga."

Sabin alilichukua faili lake. Bibi Filofteia alikuwa anajiandaa kwa mara ya tatu, mkono umekwisha kunyooka kuisukuma chupa mbele, ndipo alipomwona mjukuu wake usoni. Aliujua uso ule. Sabin anapofanya mzaha huwa na sura ya padri anayesoma majina ya marehemu. Hapo hachezeshi hata unyusi. Lakini sasa mdomo wake wa chini ulikuwa umevutwa ndani kidogo, kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka minane, uwanja wa ndege, siku mama yake alipoondoka.

Mkono wa Bibi ulishuka.

"Sabin," alisema polepole. "Hili si la kiazi?"

"Si la kiazi, Bibi."

Bibi alifunga mkoba. Kisha akajisogeza dirishani, mdogo, mnyoofu, na mkoba wake mbele kama ngao.

"Mama, aliyeacha ni mimi. Huyu alimenya tu. Na hata kumenya ilikuwa adhabu."

"Adhabu ya nini?"

Bibi akamtazama Sabin. Sabin akatazama viatu vyake. Hapakuwa na njia nyingine. Ikabidi amsimulie karani wa chuo kikuu, siku ya usajili, kupitia tundu la dirisha, habari za paka. Alisimulia kwa ufupi na kwa heshima, kama mtu anayetoa ushahidi. Alipofika kwenye picha ya ubavu, Otilia alijificha nyuma ya faili lake. Alipofika kwenye kiazi, foleni nzima ilikuwa inakohoa.

Bi Stoeva hakucheka. "Walisajiliwa wangapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Wote na fotokopi?"

"Wote, mama. Za wawili zilithibitishwa na wakili."

Bi Stoeva alivua miwani, akaisafisha kwa muda mrefu kuliko uchafu wake ulivyohitaji. Alipoivaa tena alikuwa karani. "Pole," alisema. "Lakini kanuni ni kanuni. Nikimwachia mmoja, kesho mtaniletea ndama."

Saa ya ukutani ilisema saa sita kasorobo.

Sabin alilitazama tangazo. Yeye alikuwa mtu wa fani ile. Alijua kwamba mwandishi wa matangazo huwa amejikwaa mahali, hata akiwa makini namna gani. Alisoma mstari wa mwisho mara mbili, kisha akakohoa kidogo.

"Mama, naomba kuuliza kitu kimoja tu. Hapa pameandikwa 'atakayeacha chochote dirishani'. Sisi hatujaondoka bado. Mtu aliyesimama na mzigo wake hajaacha kitu."

"Mkiondoka na chupa ikabaki, mmeacha."

"Na tukiondoka haipo?"

Bi Stoeva alifikiri. Ilionekana kwamba hajawahi kuulizwa. "Kama haipo," alisema, "hakuna kilichoachwa."

"Bibi, chukua chupa."

"Sichukui," alisema Bibi Filofteia.

"Bibi."

"Sabin, kitu kikishatoka nyumbani kwangu kama zawadi hakirudi. Tangu niolewe sijawahi kuirudisha jamu nyumbani. Afadhali uzibe matairi."

Alisema hivyo kwa uthabiti, na Sabin akajua kwamba hatazibadili sheria za maisha yake katika dakika kumi na tano. Ikabidi sheria zote mbili zitimizwe, ya Bibi na ya chuo.

"Bibi, una kijiko?"

Swali lile lilikuwa karibu tusi. Bibi Filofteia hakuwahi kutoka bila kijiko. Mgeni wa heshima kwao hupewa kijiko kimoja cha jamu na glasi ya maji baridi, na hakuna anayejua atampata wapi mgeni wa heshima. Akakitoa mkobani kikiwa ndani ya leso, akaifungua chupa, na harufu ya shira ikaenea ukumbini.

"Karibuni, watoto," alisema. "Kwa mpangilio."

Jozi zilikuwa kumi na tisa. Maji yalikuwa kwenye mtungi wa plastiki pembeni, na vikombe vya karatasi. Aliyekuwa dirishani alijibu maswali ya Bi Stoeva shavu moja limevimba. Otilia alikula mbili akaomba ya tatu. Baba yake alikula tatu, akavua koti, akawa mtu mwingine kabisa. Saa sita kasoro dakika tisa Mzee Pandele alipanda ngazi na ndoo ya jibini kuulizia kwa nini wamekawia. Alipoelezwa, alivuta kiti akala nne mfululizo, akimtazama Sabin machoni, kama mtu anayelipwa fidia. Kisha akarudi kwenye gari, jibini lisipate joto.

Zikabaki nne. Sabin alikuwa ameapa, kwenye jozi ya mia mbili hamsini na kitu, kwamba tunda lile halitapita kinywani mwake mpaka afe.

"Fungua mdomo," alisema Bibi.

Akala tatu. Zilikuwa tamu mno, na hilo lilimuudhi kuliko kitu chochote.

Foleni iliisha. Sabin alisimama dirishani na faili lake saa sita kasoro dakika nne. Bi Stoeva alitoa kichwa kidogo kupitia tundu, akaukagua ubao wa dirisha kutoka kushoto kwenda kulia.

"Sioni kitu kilichoachwa," alisema.

Akalichukua faili. Akahesabu karatasi, akaandika jina kwenye daftari kubwa, akavuta muhuri, akaupulizia, akaugonga. Mlio wake ulikuwa mzito, tofauti kabisa na wa kiazi. Sabin, aliyekuwa na uzoefu wa yote miwili, aliinamisha kichwa kwa heshima.

Bibi Filofteia alikuwa bado ameshika chupa. Chini yake, ndani ya shira nyeusi, ilibaki jozi moja. Aliichota, akainyoosha mbele ya tundu, mkono mmoja chini ya kijiko kuzuia tone.

"Hapana, asante," alisema Bi Stoeva.

"Moja tu."

"Hapana, mama, kweli. Watu wanaona."

Ukumbi ulikuwa mtupu. Bibi aliendelea kunyoosha kijiko, kwa subira ya mtu aliyempata daktari wa macho. Bi Stoeva alilitazama faili lililokwisha kugongwa muhuri, akaitazama saa, akafunga daftari.

"Usajili umefungwa," alisema. "Sasa hii si zawadi. Ni jozi tu." Akafungua mdomo.

Alitafuna kwa muda, amefumba macho.

"Mama yangu alitia ndimu zaidi," alisema hatimaye.

Bibi Filofteia alipanguza kijiko kwa leso, taratibu mno. "Wapo watu wanaofanya hivyo," alisema. "Mungu awasamehe."

Walikuwa wamegeuka kuondoka Bi Stoeva alipogonga kioo.

"Wewe, bwana paka. Njoo." Alitoa mkono kupitia tundu, akalibandua lile tangazo lililopauka, akasukuma kupitia tundu karatasi mpya nyeupe na kalamu nzuri. "Hili limekwisha kazi. Nusu ya watu hawaliamini na nusu wanaliamini pale linapowafaa. Andika jingine. Usiache mwanya."

Sabin alikaa kwenye kiti alichokiacha Mzee Pandele. Aliandika kwa dakika kumi, sura yake ya padri imerudi. Aliweka kahawa, chokoleti, jibini na jamu. Aliweka kuku katika hali zake zote mbili. Aliziba mwanya wa kuacha na kutoacha. Aliongeza ndama. Bi Stoeva alisoma, akasahihisha kitu kimoja, akagonga muhuri, akalibandika kwa gundi mahali pa lile la zamani.

Bibi Filofteia alivaa miwani, akasogea, akasoma kutoka juu mpaka chini. Kisha akavua miwani, akairudisha mkobani kando ya kijiko, na uso wake ukawa na amani ya mtu ambaye dunia imemrudishia heshima yake.

Mzee Pandele alikuwa amekwisha kuwasha gari. "Eh?" aliuliza. "Ameingia?"

"Ameingia," alisema Bibi, akiketi kiti cha mbele na kuikumbatia chupa tupu. "Lakini lile tangazo la pale ndani, Pandele, usije ukaliamini. Ni la huyu. Nimemwona kwa macho yangu akiliandika."